Ng'ombe Aliyekula Kitabu cha Dawa

Jumatatu asubuhi akina mama walikuwa wameketi kwenye benchi la dispensari ya kilimani, upande wa Gesima, kila mmoja na chupa yake mkononi. Siku hizo dawa ya maji ilitolewa bila chupa. Ulikuja na yako kutoka nyumbani, na kama hukuja nayo ulinyweshwa pale pale mlangoni, kesho ukarudi tena. Tryphosa, nesi wa pale, alikuwa akipokea kila chupa na kuinusa kabla ya kutia dawa, maana wengine walileta za mafuta ya taa bila kuziosha.

Chupa ya Drusilla aliinusa kwa muda mrefu kuliko za wengine. Drusilla akamwangalia anavyonusa.

Hao wawili hawakuwa wanaongea. Mvua za mwaka uliotangulia mtoto wa Drusilla, Ruben, alishikwa na kuhara, na Tryphosa akampa vidonge vyeupe, akamwambia mama yake amnyime maji mpaka tumbo likauke. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na nesi aliyekuwa pale kabla yake, na huyo naye aliambiwa na mwingine. Ruben akakauka, tumbo na yeye mwenyewe. Drusilla alimzika nyuma ya nyumba karibu na migomba, akarudi kuchuma chai. Hakutukana mtu. Lakini tangu siku hiyo akija dispensari hakunywa uji wa pale, wala hakukaa mahali ambapo kivuli cha Tryphosa kingemfikia.

Sasa, Tryphosa hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kitabu, basi. Yale aliyoandika alipokuwa akisomea unesi yaliliwa na mchwa pamoja na sanduku. Likimjia jambo asilolijua, alimngojea Obura, mtu wa kutoka ziwani aliyeendesha Landrova ya kuleta dawa.

"Obura, hizi za manjano wenzetu wa Keroka wanatoa ngapi?"

"Moja asubuhi, moja jioni, Sista."

"Una hakika?"

"Aa, hakika nitoe wapi? Yule wa Keroka ameniuliza mimi nyinyi mnatoa ngapi. Nikamwambia moja asubuhi, moja jioni."

"Na wewe ulijuaje?"

"Ulikuwa umeniambia wewe."

Si kwamba vitabu havikuwako. Vilikuwako, na kila mtu alijua viko wapi. Vilikuwa mjini, katika ofisi ya Bwana Manasseh Ogari, mkaguzi wa dispensari, ndani ya kabati lenye vioo na kufuli. Vilikuwa na jalada jekundu, kimoja kwa kila dispensari, na Obura mwenyewe ndiye aliyevibeba kutoka stesheni. Bwana Ogari hakuwa amevigawa kwa sababu hakuwa na uhakika kwamba vitatunzwa.

"Dispensari zina panya," alikuwa akisema. "Zina mapaa yanayovuja. Zina watu."

Jumatatu hiyo Bwana Ogari alikuja kukagua. Alikuja na kitabu kimoja ndani ya kikapu, kama alivyofanya kila mara, ili amwonyeshe nesi jalada lake, kisha amuulize maswali yaliyomo ndani. Chini ya kitabu alikuwa ameweka magadi aliyonunua sokoni Keroka kwa ajili ya ng'ombe wake wa nyumbani. Akakitua kikapu kando ya ukuta, karibu na ua, akaingia ndani kukagua mablanketi.

Ng'ambo ya ua palikuwa na shamba la mjane mmoja jina lake Nyanchera. Nyanchera alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyeitwa Sabato, kwa kuwa alizaliwa siku ya Jumamosi. Mzee wa kanisa la Wasabato, Machogu, alikuwa amemwomba ambadilishie huyo ng'ombe jina, si heshima. Nyanchera akamjibu kwamba atamuuliza ng'ombe.

Sabato akapitisha kichwa juu ya ua. Magadi yalikuwa yamemwagika katikati ya kurasa za kitabu, kwa hiyo akaanza na kitabu. Alikula jalada, akala kurasa, akala na uzi. Kisha akayalamba magadi, akakiacha kikapu. Nyanchera alikuwa kwenye pareto yake akichuma maua, akayaona yote. Hakusema kitu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Bwana Ogari alipotoka alikitazama kikapu, akawatazama akina mama wa benchi, mwisho akamtazama Tryphosa.

"Kitabu kiko wapi?"

"Ulikiacha wapi, Bwana?"

"Hapa. Na magadi."

"Magadi pia?" akauliza Tryphosa.

"Usiniulize mimi. Mimi ndiye ninayeuliza."

Wakapekua dispensari. Wakaingia nyumba ya Tryphosa wakainua godoro, wakatazama ndani ya sufuria. Bwana Ogari akafikiri kwa sauti, watu wote wakisikia. Mwizi huyu, alisema, ni mtu anayejua kusoma na ana ng'ombe. Tryphosa anajua kusoma na hana ng'ombe. Nyanchera ana ng'ombe na hajui kusoma. Kwa hiyo ni wote wawili, au ni Tryphosa aliyechukua magadi ili asidhaniwe. Akasema kama kitabu hakitakuwa kimeonekana kufikia mwisho wa mwezi, Tryphosa atafungasha vitu vyake, na dispensari itafungwa mpaka apatikane mtu mwaminifu.

Obura alikuwa ameegemea Landrova akimwangalia Sabato, ambaye alikuwa na kipande cha uzi kwenye mdomo. "Mimi naendesha gari tu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake asubuhi Tryphosa alipika chai kwa maziwa ya Nyanchera, aliyokuwa akiyanunua kila siku. Kikombe kilipofika nusu alikuwa anajua habari za choa, vile vidonda vya mviringo vya vichwani mwa watoto: vinaanzaje, vinaambukizwaje, vinapakwa nini na kwa muda gani, na kwamba kitana cha mgonjwa kisitumiwe na mwingine. Alijua kama mtu anavyojua mahali alipoweka kikombe chake. Akamaliza chai, akaosha kikombe, akaenda kazini. Watoto watatu wa kwanza kwenye benchi walikuwa na choa. Akawatibu.

Jioni Nyanchera alikuja akaketi jikoni kwake bila kubisha.

"Sista, jino likioza mpaka ndani, usaha hutafuta njia ya shavu."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimekunywa maziwa, nikajua. Sasa nimekaa na hili jambo la meno mchana kutwa. Nimemfungua jirani yangu kinywa kama ng'ombe wa mnadani."

Tryphosa akaendelea kuchambua chinsaga, zile mboga chungu, akitenga majani na vijiti.

"Ulimwona akila?"

"Nilimwona."

"Na ulininyamazia, nikapekuliwa mpaka sufuria."

"Wewe ungesema? Yule angenilipisha kitabu. Mimi na kitabu ni wapi na wapi?"

"Natafuta kazi mwisho wa mwezi, Mong'ina."

Mong'ina ndivyo watu wa huko wanavyomwita mwanamke mtu mzima kwa heshima, lakini Tryphosa alilisema kama mtu anayetema mbegu ya pera. Nyanchera akachukua fungu la mboga akasaidia kuchambua.

"Kaseme basi," akasema. "Kaseme ni Sabato. Watamchinja wakitafute tumboni. Ukurasa mmoja hawataupata, na maziwa hayatakuwako."

Tryphosa akawaza. Angeweza kusema akabaki na jina lake. Angeweza kunyamaza akabaki na maziwa. Mboga zilipokwisha kuchambuliwa, alisema Nyanchera amletee kikombe kila asubuhi kabla hajawauzia wengine, na kisiwe na maji. Nyanchera akasema yeye hajawahi kutia maji kwenye maziwa. Wakaangaliana. Wote wawili walijua ni uongo.

Ndivyo walivyoendelea. Sabato alikuwa akilala chini ya mparachichi mchana akicheua, na ukurasa aliocheua ndio uliokuja kwenye maziwa. Hakufuata mpangilio. Siku moja alitoa kichaa cha mbwa. Siku nyingine alitoa habari za vidole vinavyokufa kwa theluji, na Tryphosa akakaa nazo wiki nzima bila kazi nazo. Jumamosi maziwa yalikuwa maziwa tu.

Nyanchera aliendelea kuuzia wengine kwa sababu hakuwa na riziki nyingine, kwa hiyo watu kadhaa wa kilima hicho walijua kitu. Fundi wa baiskeli alijua habari za macho. Paka wa dispensari alikataa maji ambayo hayakuchemshwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amejuaje, kila mtu alidhani mwenzake anamficha kikubwa zaidi. Walipokutana njiani walisalimiana kwa kirefu, kila mmoja akimtazama mwenzake mdomoni kama ana alama ya maziwa.

Mzee Machogu alifika kwa Nyanchera tena kwa ajili ya lile jina la ng'ombe. Akakaribishwa chai. Katikati ya kikombe aliinuka, akachukua kofia, akaondoka bila kuomba, naye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuomba. Baadaye ikajulikana amepata nini, kwa jinsi alivyokuwa akivuka barabara kila alipomwona mwanamke mwenye mimba. Alikuwa amepata ukurasa wa mtoto anayekuja kwa matako.

Drusilla hakununua maziwa ya Nyanchera. Nyumba hizo mbili zilikuwa karibu mno, alisema, ya nesi na ya yule mjane. Mtu hawezi kujua nani anatia nini wapi.

Halafu wiki ya mwisho ya mwezi, mvua zilipokuwa zimeanza na mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa, msichana wake Persis akashikwa na kuhara.

Persis alikuwa na umri aliokuwa nao Ruben. Drusilla alimfunga mgongoni akapanda kilima. Alipofika hakuingia dispensari. Alisimama nje kwenye matope, mtoto ameegemeza shavu mgongoni kwake, macho yameingia ndani.

Tryphosa akatoka. "Mlete ndani."

"Sikuja kwa vidonge vyako."

"Umekuja kwa nini, basi?"

"Nimesikia kuna ng'ombe anayesema."

"Hasemi," akasema Tryphosa. "Anatoa maziwa."

"Amekwisha kukuambia habari ya kuhara?"

Tryphosa angeweza kusema ndiyo. Aliutazama ule mdomo wa mtoto, ulivyokauka ukapasuka. "Bado," akasema.

Drusilla akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kama mtu anayeangalia noti kwenye mwanga. Kisha akageuka akaelekea ng'ambo ya ua, na Tryphosa akamfuata kwa nyuma.

Sabato alikuwa amelala chini ya mparachichi, taya limetulia. Nyanchera alikuwa ameketi kwenye kigoda akimngojea aanze.

"Leo hajacheua," akasema. "Ana kiburi cha mvua."

"Mpe magadi," akasema Tryphosa.

"Magadi nitoe wapi? Yaliyokuwako aliyala na kitabu."

Drusilla akafungua pindo la kanga. Alikuwa na magadi ya kupikia mboga, ametoka kuyanunua siku ya soko kabla mtoto hajaugua. Akamwekea ng'ombe mkononi mwake mwenyewe. Sabato akalamba mkono mpaka ukawa mweupe, akatulia, shingo ikapanda na kushuka, akaanza kucheua. Alicheua taratibu. Wale wanawake watatu wakasimama wakisikiliza taya. Mzee Machogu, aliyekuwa akipita njiani, akasimama pia kwenye ua, lakini akageuza uso upande wa mashamba ya chai ili ionekane amesimama kwa jambo lingine.

Nyanchera alipokamua, Tryphosa akanyoosha mkono apokee kikombe.

"Yaya," akasema Drusilla. Hapana. "Ukinywa wewe, utaniambia unachotaka wewe."

Tryphosa akarudisha mkono. "Kunywa basi."

Drusilla akanywa. Alikunywa yote, akakaa chini kwenye majani mabichi mtoto akiwa bado mgongoni.

"Maji yachemshwe yapoe," akasema. "Sukari, kijiko kidogo, kilichosawazishwa, mara sita. Chumvi nusu ya kijiko hicho. Maji lita moja. Anyweshwe kidogo kidogo, na kila akihara apewe tena. Akitapika ungoje kidogo, umpe tena. Aendelee kunyonya." Akaupapasa mguu wa mtoto mgongoni. "Asinyimwe maji."

Sabato aliendelea kucheua.

"Asinyimwe maji," Drusilla akasema tena, sasa akimtazama Tryphosa. "Imeandikwa kwa herufi nzito."

"Sikujua," akasema Tryphosa.

"Najua hukujua. Nimekunywa, nimeona hukujua. Vitabu vilikuja lini?"

Tryphosa akatazama mikono yake. "Obura alivibeba mwaka juzi."

"Kabla ya Ruben."

"Kabla."

Drusilla akainuka. Hakuna kingine alichosema kuhusu jambo hilo, wala siku ile wala baadaye. Akauliza tu lita moja ni kiasi gani.

Hapo pakawa na shida. Dispensari haikuwa na kipimo cha lita, kilipasuka zamani. Tryphosa akasema lita moja ni chupa mbili za bia, zile kubwa. Nyanchera akacheka kidogo. Kilima kizima kile kilikuwa cha Wasabato, isipokuwa nyumba chache za Wakatoliki kule bondeni ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Chupa ya bia hakuna aliyekuwa nayo. Drusilla akaenda nyumba hata nyumba. Kila mlango aliambiwa hapa hatutumii vitu hivyo, na kila mlango akaulizwa yeye anazitakia nini, na nani amemtuma, na kama nesi siku hizi amekuwa akinywa.

Aliporudi mikono mitupu, Mzee Machogu bado alikuwa pale kwenye ua. Akakohoa.

"Kwangu ziko mbili," akasema. "Za mafuta ya taa."

"Bila shaka, Tata," akasema Nyanchera, kama wazee wanavyoitwa huko.

"Nilipewa."

"Nani amekuuliza, Tata? Zilete."

Akazileta chini ya koti. Tryphosa akazichukua akazinusa, kama desturi yake. Hazikuwa na harufu ya mafuta ya taa hata kidogo. Akamtazama mzee, mzee akatazama chai. Tryphosa akaziosha kwa maji moto, akachemsha maji, akapima. Drusilla akapima sukari mwenyewe, akakisawazisha kila kijiko kwa kidole, na Tryphosa alipotaka kushika chumvi akamwondolea mkono, akaitia mwenyewe.

Wakamnywesha Persis kwa kijiko mchana ule na jioni ile jikoni kwa Nyanchera, wakipokezana. Mara ya kwanza kijiko cha Tryphosa kilipokaribia mdomo wa mtoto, Drusilla alikionja kwanza. Mara ya pili pia. Baadaye akaacha. Kesho yake mchana Persis alikojoa, akalia akitoa machozi, akadai ugali. Nyanchera akasema mtoto anayedai ugali kwa sauti hiyo ni wa kupigwa. Akampikia.

Habari ikafika mjini. Nani aliipeleka haikujulikana, na kila mtu alikuwa na mtu wake anayemdhania. Wengine walisema fundi wa baiskeli. Wengine walisema Machogu, kwa ajili ya zile chupa. Nyanchera alisema hata paka anaweza kuwa.

Siku ya mwisho ya mwezi Bwana Ogari alifika na Landrova, na nyuma yake lori. Hakumtazama Tryphosa. Alienda moja kwa moja kwa Nyanchera akaomba maziwa. Akapewa, maana mgeni hanyimwi. Akanywa amesimama, kofia kichwani.

Yeye alipata ukurasa wa kwanza kabisa, ule wenye jina la kitabu na muhuri wa ofisi.

"Ni chenyewe," akasema, akarudisha kikombe. "Namba yake ni ile ile."

Watu walikuwa wamekusanyika. Akawaeleza kwa utulivu. Nyinyi nyote mnajua, alisema, jinsi mtu anavyompa mwenzake ng'ombe amtunzie. Ng'ombe anakaa kwako, unamlisha, unakunywa maziwa, na maziwa hayo hakuna atakayekudai. Lakini ng'ombe si wako. Siku mwenyewe akimtaka, unafungua kamba unampa, pamoja na alichozaa. Ndiyo au siyo?

Watu wakasema ndiyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, hakuna ambaye angeweza kusema siyo.

"Basi kitabu changu kimekaa kwa huyu mama. Amekunywa maziwa, majirani wamekunywa, sidai kitu. Sasa namchukua aliye wangu."

"Lakini ng'ombe ni wangu, Bwana," akasema Nyanchera. "Kilichokaa kwangu ni kitabu. Chukua kitabu."

"Kitoe, nikichukue."

Nyanchera akamtazama Sabato. Watu wote wakamtazama Sabato. Mzee Machogu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekata maneno ya mifugo, aliulizwa anaonaje. Alifikiri sana, akasema kitu kikishaliwa hakitengani na aliyekila. Alisema hivyo bila kumtazama mtu, na kwa sababu kila mtu aliyekuwa pale alikuwa amekunywa, hakuna aliyembishia. Nyanchera akaahidiwa mtamba mwingine kutoka ofisini. Huyo mtamba hajafika.

Kuhusu Tryphosa, Bwana Ogari alisema si mwizi, lakini alikuwa akipokea maziwa huku akijua yametoka wapi, na hilo litakumbukwa. Kazi yake abaki nayo.

"Na sisi tutajuaje?" akauliza Drusilla.

Bwana Ogari akageuka kutafuta aliyesema. "Kujua nini?"

"Dawa. Mtoto akiugua. Sista atajuaje?"

"Ataomba ofisini. Akiomba kwa utaratibu, atapewa maziwa."

"Kwa nini ng'ombe asikae hapa?"

"Hapa?" Bwana Ogari akautazama ua, akautazama mparachichi, akawatazama watu. "Hapa ataibiwa."

Wakampandisha Sabato kwenye lori. Alipanda bila ubishi, akicheua.

Sasa kule kilimani wakabaki na kile walichokuwa wamekunywa. Mgonjwa akija, Tryphosa alimsikiliza, kisha akamtuma. Mwenye jino alikwenda kwa Nyanchera, mwenye jicho kwa fundi wa baiskeli, na mtoto anayehara kwa Drusilla, usiku au mchana, naye Drusilla hakumkataa mtu, na zile chupa mbili zilikaa kwake juu ya rafu, wazi, kila anayeingia azione. Mwanamke ambaye mtoto wake amekaa vibaya tumboni alikwenda kusimama kwenye ua wa Mzee Machogu. Mzee alikuwa akitoka, anampa mgongo, anaeleza yote akitazama chai, na akimaliza anaomba. Watoto kadhaa wamezaliwa hivyo, na mmoja ameitwa Machogu, jambo ambalo halikumfurahisha mke wa mzee.

Lakini vitu vingi hakuna aliyekuwa amevinywa. Mvua zilizofuata watoto walianza kukohoa kikohozi chenye mlio, kile cha kuvuta pumzi kama jogoo, na Tryphosa akazunguka kilima chote akiuliza. Hakuna aliyekuwa na ukurasa huo. Akamngojea Obura.

"Wanakijua," akasema Obura, akishusha maboksi. "Niliwasikia Jumanne wanakiongelea kwenye chai ya saa nne. Siku hizi chai ya ofisini ni yale maziwa. Karani anajua ukoma. Yule wa stoo anajua upasuaji wa tumbo."

"Na wanafanya nini nacho?"

"Na nini?"

"Na hicho wanachokijua."

Obura akafikiri kwa haki. "Wanabishana," akasema.

"Hukusikia wanasema kikohozi kinatibiwaje?"

"Sista, mimi naendesha gari tu. Nilifika mlangoni, wakanyamaza."

Tryphosa akaomba kwa utaratibu. Akangoja. Akaomba tena. Mtoto wa kwanza alizikwa, wa fundi wa baiskeli, na siku iliyofuata Drusilla alifika dispensari kabla ya benchi kujaa. Persis alikuwa mgongoni, naye ameanza kukohoa. Mkononi Drusilla alikuwa na zile chupa mbili.

"Twende," akamwambia Tryphosa.

Walishuka kilima pamoja, wakafika mjini jua likiwa juu. Nyuma ya ofisi palikuwa na uzio mpya wa waya, na lango lenye kufuli, na mbele ya lango askari amekaa kwenye kiti. Drusilla akamwamkia. Tryphosa akamweleza wametoka wapi na wanataka nini, kiasi kidogo tu, hata nusu kikombe.

Askari aliwatazama kwa zamu. Akamtazama mtoto aliyekuwa akikohoa, akasogeza kiti nyuma kidogo. Kisha akanyoosha mkono akachukua chupa moja, akaitoa kifuniko, akainusa. Akainusa muda mrefu.

"Hii ilikuwa na nini?" akauliza.

Drusilla akamwangalia anavyonusa. Nyuma ya askari, ndani ya waya, Sabato alikuwa amelala kivulini akicheua.